Visiki vilivyong'olewa vilinitoa jasho kuliko kuving'oa

Kijiko, ile mashine ya kuchimbua ardhi, kilichimbua visiki kumi na kimoja vya mikaratusi kwa siku moja na nusu, dereva akapokea hela yake akaondoka. Mimi nikabaki shambani, nje kidogo ya Mafinga, natazama mizizi ikielekea juu. Nilitaka kupanda parachichi mvua zikianza, na ilikuwa Oktoba tayari. Kuchoma sikuthubutu. Jirani ana misonobari, upepo wa mwezi huo kila mtu anaujua, na karibu na msitu wa Sao Hill hakuna mtu mwenye akili anayechezea kiberiti wakati wa kiangazi.

Saba vilikuwa vya wastani, nikamwita fundi wa chenso, yaani msumeno wa mnyororo unaoendeshwa kwa injini. Kisiki cha kwanza alikivamia kilivyo, na udongo wake mwekundu. Hakufika katikati. Chenso ikaanza kutoa unga badala ya chembe, na hapo ujue mnyororo umeshakuwa butu. Tukaunoa, tukarudi, tukakuta jiwe la ukubwa wa ngumi lililokumbatiwa na mzizi. Meno yakapukutika. Tangu hapo hakuna aliyewasha chenso kabla sijakwangua udongo kwa panga, nikapiga brashi ya waya, nikamwaga maji na kuchokonoa mianya yote kwa ncha ya sururu. Kazi ya kuchosha, lakini mnyororo mpya si bei ya karanga.

Kilichonitisha zaidi ni mzizi uliokuwa umebanwa chini ya kisiki, umepinda. Fundi alipoukata ulifyatuka ukalirusha dumu la maji lililokuwa pembeni. Ungekuwa mguu wa mtu, nisingekuwa naandika haya. Tukaanza kutega magogo pande zote mbili za kila kisiki kisiviringike, kusimama upande wa juu wa mteremko, na kukata mizizi iliyopinda kidogo kidogo.

Vinne vilivyobaki vilikuwa na upana wa zaidi ya mita. Kabari hazikusaidia. Nyuzi za mkaratusi zimesokotana, unapiga nyundo, chuma kinazama, mti haupasuki. Nikakodi mashine ya kusaga visiki kwa jamaa anayesafisha mashamba, ile yenye gurudumu la meno linalokwenda kushoto na kulia. Gurudumu lilipogusa tu, kisiki kikageuka chenyewe. Akazima haraka.

"Kaka, hiki hakisagiki kikiwa huru," akasema. "Kitatuvamia."

Dawa yake ilikuwa kukirudisha ardhini. Tukachimba shimo pembeni ya njia ya gari, tukakisukuma kwa mitaimbo kikakaa mizizi chini, tukafukia hadi shingoni, tukamwagia maji na kushindilia. Mzee wa jirani alikuwa ameegemea jembe lake anatutazama.

"Mwanangu, umelipa kukitoa, sasa unalipa kukirudisha?"

"Ndiyo, baba."

"Si ukizike chote tu?"

Swali zuri, ila gogo likioza chini ardhi hudidimia, na hapo ndipo lori la mbolea litapita.

Kikiwa kimeshikwa na udongo, kilitulia. Jamaa alikuwa analamba juu juu, sentimita mbili au tatu kila mpito, hana papara. Nilifunga kamba umbali wa hatua thelathini kuzuia watoto, maana mashine hutema chembe na kokoto kama manati. Miwani, vizuia kelele masikioni, buti. Na jambo alilonifokea: nilitaka kuchota chembe mara tu injini ilipozimwa, kumbe gurudumu bado linazunguka. Subiri lisimame kabisa.

Moyo wa kisiki ukishasagwa kinabaki kama pete, na pete hiyo kabari inaiweza. Tulivuta vipande vipande, mzee akabeba kuni zake. Chembe nimezirundika zioze kwanza, kwa sababu zikichanganywa mbichi kwenye udongo zinanyang'anya miche naitrojeni.

Vitatu vilikwisha kwa namna hiyo. Cha nne kilikuwa kimemeza jiwe kubwa katikati, jamaa akaligonga kwa nyundo, akasikiliza, akaanza kufunga mashine yake. Kiko mpakani hadi leo, mbuzi wa mzee wanakipanda.