Diski kwanza, kisanduku baadaye: nilivyojenga hifadhi ya nyumbani hapa Dodoma

Ilianza kama mtu anagonga ukucha mezani. Tik, tik, kimya, halafu tena tik, tik. Ilikuwa Agosti 2023, nyumbani kwangu Nkuhungu, na mlio huo ulitoka kwenye diski ya nje ya TB 2 niliyokuwa nimeichomeka nyuma ya ruta ili familia nzima ione picha na video kwa waifai. Jioni ile umeme ulikatika na kurudi mara tatu. Uliporudi mara ya tatu, diski haikusomeka tena.

Humo mlikuwa na picha za harusi yetu, video za watoto wakianza kutembea, na saa 14 za marehemu babu akipiga ilimba na kuimba Kigogo, nilizomrekodi kijijini Bahi mwaka 2019. Mwaka uliofuata alifariki. Fundi mmoja wa Dar es Salaam aliokoa sehemu kubwa ya faili. Nyimbo za babu zilirudi zote isipokuwa moja. Pesa niliyomlipa ingetosha kununua kifaa nilichopaswa kuwa nacho tangu mwanzo, na kukichagua ndiko kulikofuata.

Wiki mbili za kwanza nilizipoteza kwenye prosesa na RAM. Nikija kuangalia matumizi yetu halisi (kuhifadhi picha za simu, kuhamisha rekodi, kuangalia video kwenye runinga) nikaona kifaa chochote kidogo cha NAS, yaani kisanduku cha diski kinachounganishwa na mtandao wa nyumbani, chenye nafasi mbili za diski kinatosha. Nikachukua Synology DS223j: RAM ya GB 1 isiyoongezeka, tundu moja la mtandao la gigabiti. Mwenye mpango wa kuendesha programu nyingi ndani ya kifaa asinunue hiki. Kwa sisi wa kuhifadhi na kusoma, kinafanya kazi yake vizuri.

Pa kuumiza kichwa ni diski, na hapo ndipo ningeomba kila mtu atumie muda wake. Kuna diski zinazoandika data kwa mistari inayopandiana kama mabati ya paa, zinaitwa SMR. Ukitaka kubadilisha bati moja lazima uguse na majirani zake. Kwa diski ya nje ya kuwekea faili na kuziacha, haina shida. Kwenye kifaa cha diski mbili zinazonakiliana, diski moja ikifa na nyingine mpya ikaanza kujazwa upya, SMR huburuza kazi hiyo mno, na pengine kifaa huiona kama imeharibika na kuitoa. Mwaka 2020 Western Digital walikiri kwamba baadhi ya diski zao za Red, za TB 2 hadi 6, zilikuwa za namna hiyo, ingawa ziliuzwa kwa ajili ya NAS. Baadaye zile zisizopandiana, yaani CMR, wakaziuza kwa jina la Red Plus. Kwa hiyo jina la mbele halitoshi, soma namba ya modeli kwenye lebo: kwa ukubwa huo, ukiona EFAX, rudisha. Seagate IronWolf zote ni CMR, na ndizo nilizonunua, mbili za TB 2.

Kabla hata ya diski kuwaka nilinunua UPS, kile kisanduku cha betri kinachoshikilia vifaa umeme ukikatika. Hapa kwetu umeme haukatiki tu, unapungua, unapanda, kisha unarudi kwa kishindo. Dukani niligeuza kila UPS nitazame mgongo wake. Nyingi za bei nafuu zina betri na soketi basi. Nilitaka yenye tundu la USB la data, kwa sababu ndilo linaloiambia NAS kwamba umeme umekatika. Yangu ni ya VA 650. Nimepanga kifaa kikikaa dakika 5 kwenye betri kifunge faili na kujizima chenyewe, na umeme ukirudi kiwake. Tangu siku hiyo sijaona kosa hata moja la faili lililotokana na umeme. Kuhusu gharama ya kuwasha usiku na mchana, changu kikiwa na diski mbili nakikadiria wati 20, yaani uniti 14 au 15 kwa mwezi.

Vumbi nalo. Kuanzia Juni hadi Oktoba upepo wa Dodoma hauachi dirisha. Mwanzo nilikifungia kabatini nikidhani nakilinda, joto la diski likapanda hadi 51. Nikakitoa, nikakiweka kwenye rafu ya ukutani koridoni, juu ya usawa wa kichwa, mbali na mlango wa nje. Sasa diski zinacheza kati ya 38 na 44, na kila mwisho wa mwezi nakizima na kupitisha brashi laini kwenye feni.

Mapema 2025 nafasi ikaanza kuisha. Rekodi zangu za sauti hula karibu GB 1 kwa saa, lakini walioimaliza hasa ni simu za watoto na video zao. Nikaamua kuhamia kwenye diski mbili za TB 4.

Diski ya kwanza niliitafuta hapa mjini. Maduka mengi yana diski za kamera za ulinzi, maana ndiyo biashara inayotembea. Zinafanya kazi, ila zimetengenezwa kwa kuandika video bila kusita, na mimi nilitaka ya NAS. Duka moja wakanitolea IronWolf ikiwa ndani ya nailoni. "Kaka, hii mpya kabisa, nailoni yenyewe hiyo." Nikafika nyumbani, nikaichomeka kwenye kompyuta na kusoma kumbukumbu za SMART, ambazo diski hujiandikia yenyewe kuhusu afya na matumizi yake. Mstari wa saa za kuwaka ulisomeka 26,311. Hiyo ni miaka mitatu ya kuzunguka bila kupumzika. Niliirudisha siku hiyohiyo na picha ya skrini mkononi, wakanirejeshea hela bila mabishano. Na saa hizo zinaweza kufutwa: mwaka huohuo huko Ulaya ilibainika kuwa diski za Seagate zilizokwisha kutumika zilikuwa zikiuzwa kama mpya huku SMART ikisoma sifuri, zikaumbuliwa na kumbukumbu nyingine ya ndani iitwayo FARM. Sasa nasoma zote mbili.

Nikapanda SGR asubuhi, nikazinunua mbili Kariakoo, nikarudi jioni ileile na diski mapajani. Sikutaka zisafiri kwenye buti la basi.

Kubadilisha kwenyewe kunataka subira tu. Kwanza nilinakili kila kitu kwenye diski ya nje. Nikazima kifaa, nikafungua skrubu, nikatoa diski moja ya zamani na kuweka mpya mahali pake. Nilipokiwasha kikaanza kulia, biip, biip, na taa ya hali ikageuka rangi ya chungwa: kinasema kimebaki na nakala moja. Moyo ulinienda mbio ingawa nilijua kitalia. Nikanyamazisha mlio, nikaamuru kirekebishe, saa 2 usiku. Saa 8 usiku taa ikawa kijani. Kesho yake nikarudia kwa diski ya pili. Nafasi haiongezeki mpaka zote mbili ziwe kubwa, asikudanganye mtu. Ilipoongezeka, TB 4 ilisomeka 3.6, ambayo ni tofauti ya namna ya kuhesabu, haijapotea.

Kitu kimoja nusura kinichoshe: kunakili TB 1.6 kupitia ruta yetu kulikuwa kunakwenda MB 11 kwa sekunde, karibu saa 40. Matundu ya ruta yalikuwa ya megabiti 100. Nikaweka swichi ndogo ya mtandao ya gigabiti kati ya kompyuta na NAS, kazi ikaisha kabla ya chakula cha jioni.

Diski mbili zinazonakiliana hazikukingi na mwizi, moto, wala mtoto anayefuta folda, kwa sababu kinachofutwa huku kinafutwa na kule. Kupandisha TB 1 mtandaoni kwa kasi ya megabiti 10 ni siku 9 mfululizo, na bando halihimili. Kwa hiyo mojawapo ya zile diski za TB 2 nilizozitoa niliivalisha kasha la USB, nikaifunga kwa nywila, nikaijaza, nikaizungushia kanga na kuipeleka kwa dada yangu Kibaigwa.

"Mdogo wangu, hii ndiyo ya babu?"

"Ndiyo, dada. Babu na harusi na watoto."

Ameiweka juu ya kabati lake la nguo, chumbani, mbali na vumbi la mahindi. Kila miezi miwili naenda kwake kuibadilisha na nyingine.