Dawa niliyoinywa Msasani

Nimelelewa Tabora, na nyumbani kwetu asali na ndimu vilikuwa dawa ya kikohozi. Bibi alikuwa akikamua ndimu katika kikombe cha maji ya moto, akaongeza kijiko cha asali ya miombo, kisha akaketi mbele yangu mpaka nimalize. Ndiyo maana Jumamosi jioni, nilipoketi na wifi yangu katika baa moja ya ufukweni huku Msasani na kuliona neno "dawa" kwenye orodha ya kokteli, nilidhani ni chai ya tangawizi iliyoandikwa mahali pasipo pake. Wifi alicheka, akaagiza mbili.

Tulikuwa karibu na kaunta, hivyo niliona kila kitu. Mhudumu alikata ndimu vipande, akavitia ndani ya bilauri pamoja na maganda yake, akaviponda kwa mchi mdogo wa mti. Hakuviponda kwa nguvu. Alinieleza kwamba ganda likibanwa kidogo hutoa mafuta yenye harufu, lakini likisagwa hutoa uchungu unaoharibu kinywaji kizima. Kisha akajaza barafu iliyopondwa na kunyanyua chupa ya Konyagi.

Hapo nilisita. Dawa huchanganywa zaidi kwa vodka, na ndivyo ilivyopata umaarufu Nairobi, katika mgahawa wa nyama choma wa Carnivore uliofunguliwa mwaka 1980, kwa kufuata mfano wa caipirinha ya Brazil, ambayo ni pombe ya miwa, ndimu na sukari. Konyagi ni ya hapa hapa Dar es Salaam, ina kilevi cha asilimia 35, na ingawa jina lake linakumbusha konyaki ya Ufaransa, haitokani na zabibu. Mimi nilizoea kuiona mezani kwenye sherehe, ikichanganywa na soda bila kufikiriwa sana, na sikuwahi kuitarajia ndani ya kinywaji kinachoandaliwa kwa utaratibu kama ule.

Mwisho akachovya kijiti kinene cha mti ndani ya asali, akakizungusha mpaka asali ikakizunguka, akakisimamisha katikati ya barafu na kunisogezea bilauri. "Koroga polepole, dada. Utamu utauleta mwenyewe."

Funda la kwanza lilikuwa kali, ndimu tupu na ubaridi, nami nikakaribia kuiweka chini. Asali haiyeyuki haraka penye baridi. Hubaki imeshikamana na kijiti na kuachia kidogo kidogo, kwa hiyo kila nilipokizungusha, kinywaji kilibadilika. Funda la tatu lilikuwa na ladha ya ganda la ndimu. La tano lilikuwa limeanza kulainika, na Konyagi, ambayo nilitarajia ingechoma koo, ilikuwa imetulia chini ya asali ikiwa na kiladha chake chepesi ambacho vodka haina. Nimekunywa vinywaji vingi vitamu katika safari zangu, na karibu vyote hufika mezani vikiwa vimeshaamuliwa na aliyevitengeneza. Hiki kilinisubiri. Wifi alikoroga chake chote mara moja kwa sababu anapenda utamu; mimi nilienda taratibu, na ingawa vyote viwili vilitoka katika chupa moja, tulipobadilishana bilauri tulikuta vinywaji viwili tofauti kabisa.

Ilipobaki robo, nilikitoa kijiti nikakilamba, jambo ambalo Bibi asingelikubali mbele za watu. Nikapata harufu ya moshi. Warina asali wa kwetu huwafukuza nyuki kwa moshi wanapofungua mizinga ya magogo, na mara nyingi harufu hiyo hubaki ndani ya asali hata baada ya kuchujwa. Nilimwuliza mhudumu aliinunua wapi. Akainama chini ya kaunta, akainua dumu la lita tano lililofungwa kwa nailoni mdomoni, akasema, "Hii inatoka Tabora, dada."

Nilimwomba aniongeze asali kwenye kijiti kile kile. Wifi alitaka tuondoke kabla foleni haijawa kubwa, lakini nilimsihi tukae kidogo, nikaendelea kukoroga huku barafu ikiyeyuka.