Usibadilishe BCM ya Nissan kabla ya kupima haya

Waipa zinagoma, taa kubwa zinawaka zenyewe, milango inajifunga gari likiwa barabarani, na asubuhi betri imelala. Fundi anachomeka mashine, unatokea msimbo U1000 (kosa la mawasiliano kwenye mtandao wa gari) au U0140, na hukumu inatolewa papo hapo: BCM, yaani kompyuta inayosimamia taa, waipa na milango, imekufa, tafuta nyingine. Hukumu hiyo huwa na haraka mno. U0140 maana yake ni kwamba kontrol boksi nyingine zimeikosa BCM kwenye mtandao wa gari. Sababu inaweza kuwa fyuzi iliyoungua, athi iliyoshika kutu, au waya uliokatika mahali ambapo hakuna aliyepatazama.

Mfano wangu ni Nissan Tiida C11 na X-Trail T31. Ziko nyingi kwenye barabara zetu, na imobilaiza yake (kinga ya wizi inayozuia injini isiwake bila ufunguo uliosajiliwa) inapitia BCM, kwa hiyo ukikosea kwenye kubadilisha gari haliwaki kabisa. Kwenye Volkswagen Golf 5, kwa kulinganisha, imobilaiza iko kwenye klasta ya dashibodi. Ukiharibu BCM huko utapata matatizo ya taa na waipa, lakini imobilaiza haitaguswa.

Kwanza tenganisha vitu viwili ambavyo hata wauza spea huvichanganya. BCM iko ndani, chini ya dashibodi, na namba yake huanza na 284B1 au 284B2. IPDM, boksi la kusambaza umeme, iko chini ya boneti karibu na betri, na namba yake huanza na 284B7. BCM ndiyo inayosoma swichi na kutoa amri. IPDM inapokea amri hiyo kupitia nyaya za CAN, yaani mtandao wa gari, na kupeleka umeme kwenye taa kubwa na waipa za mbele; feni ya rejeta nayo huiwasha, ila kwa amri ya ECM, kompyuta ya injini. Ndiyo maana taa kubwa zinazowaka zenyewe kila ukifungua swichi si ushahidi kwamba BCM imekufa. IPDM ikikosa mawasiliano huwasha taa kwa makusudi, usije ukabaki gizani barabarani.

Nissan wameweka jaribio ambalo halihitaji mashine yoyote, na inasikitisha kwamba mafundi wengi hawalitumii. Inua mikono ya waipa au mwagia kioo maji, mipira isije ikasugua kioo kikavu. Funga milango mingine yote, fungua wa dereva. Weka swichi ON bila kuwasha injini, kisha ndani ya sekunde 20 bonyeza mara 10 kitufe kidogo cha mlango wa dereva, kile kinachowasha taa ya ndani. Zima swichi, halafu iwashe tena ndani ya sekunde 10. Honi italia mara moja na IPDM itaanza kuwasha waipa, taa na feni yenyewe, mzunguko mmoja baada ya mwingine, mara tatu. Mikono iwe mbali na feni.

Ukiona waipa zinafanya kazi kwenye jaribio lakini hazijibu ukitumia swichi ya usukani, basi mota, IPDM na nyaya za mbele ni nzima. Tatizo liko kwenye swichi, BCM, au njia kati yao. Zikigoma hata kwenye jaribio, achana na BCM, nenda mbele ya gari. Na jaribio lenyewe likianza tu, umejua jambo jingine: BCM imesoma kitufe cha mlango na kutuma ujumbe kwenye CAN. BCM iliyokufa haifanyi hivyo. Lisipoanza usihukumu bado, kagua kwanza kitufe cha mlango, maana hakikawii kuharibika.

Sasa umeme unaoingia. Kosa kubwa hapa ni kupima kwa mita peke yake. Waya uliobakiwa na uzi mmoja utasoma volti 12 vizuri kabisa, kwa sababu mita haivuti umeme wa maana. Tumia balbu ya wati 21, inayovuta karibu ampia 1.75. Chomoa soketi ya BCM, unganisha balbu kati ya pini ya pozitivu na pini ya athi za soketi ileile, uone kama inawaka kwa nguvu yake yote. Ikififia, tafuta upande wenye kosa kwa kupima upotevu wa volti huku balbu ikiwaka: mguu mmoja wa mita kwenye negativu ya betri, wa pili kwenye pini ya athi. Ukisoma chini ya volti 0.1, athi ni nzuri. Ukikuta 0.3 au zaidi, fuata waya huo mpaka unapofungwa kwenye bodi, fungua nati, kwangua kutu na rangi, funga upya. Pini za soketi usizichokonoe kwa ncha nene ya testa. Zikitanuka utakuwa umeliongezea gari ugonjwa wa pili.

Kwa mtandao wa CAN, toa waya wa betri na pima omu kati ya pini namba 6 na 14 za soketi ya OBD, ile inayochomekwa mashine. Inatakiwa iwe karibu 60, kwa sababu kuna rezista mbili za omu 120. Kwenye Nissan nyingi za rika hili moja iko ndani ya ECM na nyingine ndani ya IPDM. Ukipata 120, upande mmoja umekatika au IPDM imechomolewa. Ukikaribia sifuri, nyaya hizo mbili zimegusana. Ukipata 40, kuna boksi lenye rezista ya tatu, jambo linalotokea mtu akifunga kifaa kilichotumika bila kulinganisha namba.

Halafu weka mkono chini ya kapeti. Maji ndiyo adui mkuu wa BCM. Majani ya mwembe au mwarobaini yakiziba njia za maji chini ya waipa, mvua inaingia ndani. Kioo cha mbele kilichobadilishwa kikakosa gundi ya kutosha hufanya vilevile. Ukanda wa pwani, Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, kuna sababu nyingine: bomba la kutolea maji ya AC likiziba, maji yanarudi ndani ya gari, na hewa yenye unyevu huyafanya kuwa mengi. Ukikuta kapeti ya abiria imelowa na gari halijanyeshewa, anza na bomba hilo.

BCM iliyoingia maji si lazima itupwe. Toa waya wa betri, fungua kasha, sugua kutu ya kijani kwa mswaki laini na spiriti ya isopropili ya asilimia 99, acha ikauke kabisa, kisha tazama kwa kioo cha kukuzia kama kuna njia ya shaba iliyolika au miguu ya soketi iliyoachia lehemu. Maji ya chumvi au ya mafuriko yaliyokaa siku nyingi ni habari nyingine. Hapo kusafisha kunakupa muda tu.

Kagua pia gamba la mpira linalopitisha nyaya kati ya mlango wa dereva na nguzo. Nyaya hizo hukunjwa kila mlango unapofunguliwa na mwishowe hukatika ndani ya plastiki yake. Senta loki inayojifunga na kujifungua yenyewe mara nyingi huanzia hapo. Na kama kuna alamu ya kufungwa mtaani, fuata kila waya uliochubuliwa.

Vyote hivyo vikiwa salama na BCM bado haijibu, ndipo ununue. Uwe Gerezani ya Dar es Salaam, Kirinyaga Road ya Nairobi au Kisekka ya Kampala, nenda na boksi la zamani mkononi na linganisha namba yote, hadi herufi ya mwisho. Muundo uleule wa gari unaweza kuwa na BCM za namba tofauti kulingana na aina ya funguo, taa za otomatiki na vinginevyo. Soketi zitaingia vizuri tu, kisha nusu ya mambo hayatafanya kazi.

Kama BCM ya zamani bado inaongea na mashine hata kwa kusuasua, soma usanidi wake (mipangilio ya gari iliyoandikwa ndani yake) na uuhifadhi kabla hujaigusa. Modeli zinazohitaji usanidi hazitakaa sawa bila kuandikiwa ule wa gari husika. Wakati wa kuandika, unga betri na chaja safi inayoshikilia volti 12.5 hadi 13.5. Umeme ukishuka katikati ya kazi, BCM nzima inaweza kugeuka kopo. Kama imekufa kabisa, fundi wa elektroniki anaweza kuhamisha data kutoka chipu ya kumbukumbu. Asome mara mbili na kulinganisha mafaili mawili hayo. Yakitofautiana, huenda klipu ya kusomea chipu haijashika vizuri na chipu itolewe kwenye bodi.

Kufungua kwenyewe ni kazi ndogo. Toa waya wa negativu, subiri angalau dakika 3 umeme wa airbag uishe, na soketi za njano usizichezee. Piga picha, ondoa plastiki za chini ya dashibodi, legeza nati kwa spana namba 10, vuta makucha ya soketi bila kuvuta nyaya.

Baada ya kufunga, andika usanidi, kisha sajili funguo kwa mashine na PIN. PIN hufuata BCM iliyofungwa, kwa hiyo lebo ya boksi jipya ipigwe picha kabla haijafichwa nyuma ya dashibodi. Funguo zote ziwepo: usajili unafuta orodha ya zamani, na ufunguo uliobaki nyumbani hautawasha gari tena.

Malizia kwa kupima ulaji wa betri. Acha mlango wa dereva wazi lakini bana kile kitufe chake kidogo ili gari liamini umefungwa, unga mita kwenye mstari wa negativu, funga gari, subiri dakika 40. Chini ya miliampia 50 ni sawa. Ikibaki mia tatu au zaidi, kuna boksi halijalala; chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke, na kila unapochomeka upya mpe muda, kwa sababu kuchomeka fyuzi huamsha mtandao mzima.