Binti yangu alivyorudi mezani

Mwaka wa kidato cha nne, binti yangu aliacha kula nasi. Sahani ya wali na maharage ilirudi jikoni karibu nzima, lakini asubuhi nilikuta mifuko ya krispi na karatasi za biskuti chini ya mto wake. Nilimgombeza. Akazidi kujificha.

Kilichonifungua macho ni kujisikiliza mwenyewe: kila akishika kijiko, namuuliza maksi za majaribio. Mwili wenye hofu hutoa adrenalini, homoni ya kuuweka mwili tayari kwa hatari, na hamu ya kula hukatika. Msongo wa mawazo ukikaa siku nyingi, homoni ya kotisoli huamsha tamaa ya vitu vitamu na vya mafuta. Mwanangu hakuwa mkaidi, alikuwa na hofu.

Nikapiga marufuku habari za shule mezani, nikianza na mimi. Jioni akirudi namwekea uji wa ulezi wenye karanga, tunakaa barazani, simuulizi kitu. Siku ya nne akasema mwenyewe, "Mama, hesabu zinanitisha." Akalia, nikamkumbatia. Tukamtafutia mwalimu wa hesabu. Wiki ya tatu aliomba kuongezewa mboga.

Angekuwa anajitapisha au anakonda, ningempeleka hospitali siku hiyohiyo.