Krimu niliyompaka mwanangu usoni

Mwanangu ana pumu ya ngozi tangu akiwa na miezi mitano. Mwaka jana mashavu yaliwaka, anajikuna usiku kucha mpaka shuka linapata damu. Jirani akanitajia krimu, nikainunua bila cheti. Siku tatu tu ngozi ikatulia! Nikaendelea kumpaka usoni wiki sita. Kumbe ilikuwa klobetasoli, steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na wekundu) kali kuliko karibu zote za kupaka. Ngozi ya mashavu ikawa nyembamba, vimishipa vyekundu vikajitokeza. Nililia.

Daktari wa ngozi hakunigombeza. Alisema steroidi si sumu, ila nguvu yake lazima iendane na mahali na muda. Usoni akampa haidrokotisoni ya asilimia 1, steroidi hafifu, kwa siku chache. Kwenye viwiko na nyuma ya magoti, akampa yenye nguvu kiasi kuliko hiyo. Akanionyesha kipimo: mstari wa krimu kuanzia ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi pingili ya kwanza, kama nusu gramu, unatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake.

Mafuta ya mgando ndiyo ya kila siku, hasa akitoka kuoga ngozi ikiwa na unyevu.

Mama wenzangu, nawasihi, msiazimane tyubu. Hata fangasi ukiipaka steroidi, wekundu unapungua huku yenyewe inasambaa. Kaonyesheni ngozi kwanza.

Jana amelala hadi alfajiri bila kujikuna.