Siku moja maishani mwangu: boksi la chanjo na miteremko ya Usambara

Saa 11:00 alfajiri

Mvua ya masika imepiga bati usiku kucha. Lushoto bado ni giza, nami niko nje na kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, nalizunguka gari ninaloendesha kupeleka chanjo zahanati. Ni Land Cruiser mkonga ya dizeli, gia za mkono. Matairi nayakagua kwa kuyapapasa, maana kipande cha jiwe kilichojikita ubavuni hakionekani kwa tochi. Naangalia mafuta ya breki, maji, oili. Kisha vifaa: koleo, panga, kamba ya kuvutia, jeki na ubao wa kuikalisha, kwa sababu topeni jeki bila ubao huzama na gari libaki palepale. Mwisho kabari zangu mbili za mkaratusi za kuzuia magurudumu, nilizozichonga mwenyewe. Bila hizo siondoki.

Saa 1:00 asubuhi

Sista, muuguzi wetu, anafika na boksi la chanjo. Ni binti mdogo, ndiyo kwanza ahamie huku.

“Shikamoo baba. Leo tutafika kweli?”

“Marahaba mwanangu. Tutafika, ila usinihesabie saa.”

Chanjo zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8, na baadhi yake zikiganda zimeharibika kabisa. Kwa hiyo boksi nalilaza sakafuni na kulibana kwa mikanda. Katoni za dawa nazipanga chini pia. Kwenye keria siweki kitu. Gari lililobeba uzito juu likiinama ubavu hupinduka mahali ambapo lingepita salama.

Saa 2:30

Msitu wa Magamba umefunikwa na ukungu. Nawasha taa za chini, maana taa kamili hukurudishia weupe machoni. Kila kona napiga honi. Fuso za kabichi na karoti zinatoka Lukozi kuwahi soko la Dar es Salaam, na madereva wake wamekesha. Moja inapanda, nasimama pembeni kuipisha. Anayepanda ndiye wa kupishwa, kwani akisimamishwa katikati ya mlima na mzigo ule kuondoka tena ni kazi.

Saa 4:00

Tumeacha barabara kubwa. Nasimama pakavu, nashuka, nazungusha habu za magurudumu ya mbele, vile vifungo vinavyoyafanya nayo yasukumwe na injini, kulia na kushoto, mpaka zifunge. Vijana wengi hufunga habu wakishakwama, wamepiga magoti ndani ya tope, gari limelala mtaroni. Fowili, yaani magurudumu yote manne kuvuta, inawekwa kabla ya shida.

Saa 4:40

Mbele kuna mteremko ninaouheshimu kuliko yote ya njia hii. Udongo mwekundu, umelowa, kulia ukuta wa mlima, kushoto bonde lenye migomba ambayo ukiitazama kutoka juu inafanana na mchicha. Nazima gari, naweka kabari, nashuka kwa miguu hadi chini. Nakanyaga kingo kwa kisigino. Upande wa bonde unabonyea, kwa hiyo magurudumu yangu yatakaa ndani, karibu na ukuta, hata kama mtaro utakwangua rimu.

Sista namwomba ashuke atembee. Anacheka kidogo, anadhani nalionea huruma gari. Namwambia ukweli: sehemu kama hii, roho moja ndani ya gari inatosha.

Naweka gia nzito, ile ya fowili yenye mwendo wa polepole na nguvu nyingi, namba moja, nikiwa bado tambarare. Huko chini hakuna kubadili. Vidole gumba viko nje ya usukani, kwa sababu tairi likigonga jiwe usukani hurudi kwa nguvu ya kuvunja kidole. Mguu wa kushoto nauweka sakafuni, mbali na klachi. Ukikanyaga klachi mteremkoni umeitenganisha injini na magurudumu, na gari sasa ni jiwe linaloporomoka. Injini ndiyo inayolishika gari. Breki ni akiba.

Hili sikulisoma mahali. Miaka ya nyuma nilikuwa naendesha lori la saruji, nikashuka Soni kwenda Mombo kwa breki mwanzo hadi mwisho. Nikasikia harufu ya kuungua, na pedali ikazama mpaka chini bila kushika kitu. Nililiegemeza lori kwenye ukuta wa mlima likasimama kwa kukwaruzana. Harufu ile mpaka leo nikiisikia kwenye gari la mwenzangu naingiwa na baridi.

Katikati nyuma inaanza kuserereka kuelekea bondeni. Mguu unataka breki, naukatalia. Naongeza mafuta kidogo tu, magurudumu yazunguke yapate kushika, na usukani naupeleka kule nyuma inakokwenda. Gari linanyooka. Sijui ilikuwa sekunde ngapi, ila shati limelowa mgongoni.

Saa 5:30

Baada ya kijito tunapanda. Nimeingia na namba mbili nikidhani inatosha. Jiwe moja likanipunguza mwendo, injini ikazima tukiwa nusu ya mlima.

Hapa ndipo watu wanapokufa, kwa kutaka kugeuza. Gari likikaa ubavu kwenye mlima linabiringika. Nimekanyaga breki, nimevuta na ya mkono, na sipampu, maana injini ikizima pedali hukakamaa baada ya kukanyagwa mara mbili tatu. Naingiza rivasi kwenye gia nzito, naachia klachi yote. Nanyoosha magurudumu. Natazama vioo. Naachia breki taratibu, nazungusha ufunguo bila kugusa klachi, na injini inawaka huku ikiturudisha nyuma polepole, njia ileile tuliyopandia. Chini naanza upya na namba moja.

Sista hajasema neno. Mkono wake umeshika boksi.

Saa 7:00 mchana

Zahanati inaonekana ng'ambo, moshi wa jikoni karibu yake. Lakini barabara imemeguka. Kilichobaki kina upana wa gari na kiganja kimoja. Vijana wa kijijini wanasema bodaboda zimepita, na Noah moja ilipita jana. Nachoma koleo ukingoni na bonge zima linaondoka na kupotea bondeni.

“Tunatembea,” namwambia Sista.

Nafunga kabari, naacha gari kwenye gia. Kijana mmoja anabeba katoni kichwani, mimi boksi begani. Dakika arobaini. Kina mama wamekaa kwenye mabenchi na watoto migongoni tangu asubuhi. Bibi mmoja anapokea mkono wangu wenye tope kwa mikono yake miwili, anauliza gari liko wapi. Naonyesha ng'ambo. Anatikisa kichwa: “Umefanya vizuri, baba.”

Saa 10:00 jioni

Kurudi ni njia ileile, jua limekausha juujuu tu. Mteremko wa asubuhi sasa ni mpando, namba moja, mwendo mmoja bila kusita.

Saa 2:00 usiku

Nyumbani. Nimefungua habu, nimeosha breki kwa maji mengi kwa sababu tope likikaukia mle hula chuma. Simu inalia, ni Sista: “Baba, watoto wote waliokuja wamechanjwa. Alhamisi tunaenda tena?”

Namjibu tunaenda, aje na viatu vya kutembelea. Kabari moja imepasuka. Natafuta panga nichonge nyingine kabla ya kulala.