Kaseti ya 1982 na fundi wa Ng'ambo

Mwalimu aliyewaachia akina Kulwa kile kiboksi cha kaseti alikuwa Mmarekani wa kujitolea, mfundishaji wa fizikia, mtu mrefu aliyependa michembe kuliko sisi wenyeji. Muda wake ulipokwisha aligawa vitu vyake: baiskeli kwa mlinzi, vyandarua kwa majirani, na kaseti kwa mapacha wa mama mkubwa, kwa kuwa ndio waliokuwa wakisimama dirishani kwake jioni kumuuliza gita linalolia ni la nani. Nyingi zilikuwa kaseti za kawaida tu. Moja ilikuwa TDK isiyo na jalada, imeandikwa kwa peni ya buluu iliyoanza kufifia: Metallica, 1982, na chini yake majina ya nyimbo saba.

Mwaka ulikuwa 2008. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nakaa kwa mama mkubwa Isevya, nasubiri chuo kifunguliwe. Tabora ilikuwa ya Bongo Fleva kama miji mingine yote, na ukipita mtaani na fulana nyeusi yenye fuvu la kichwa watu walikuuliza kama umejiunga na dini gani. Kulwa na Dotto hawakujali. Walikuwa wamezaliwa siku moja, wamevaa nguo zinazofanana mpaka darasa la saba, na Metallica, bendi hiyo ya Marekani ya muziki wa magita makali uitwao heavy metal, ndiyo iliyowafundisha kugombana.

Ile kaseti wapenzi wa Metallica wanaijua kwa jina la No Life 'til Leather. Ilirekodiwa Julai 1982 huko California, bendi ikiwa haijatoa albamu hata moja: James Hetfield akiimba na kupiga gita la rizimu, Lars Ulrich kwenye drams, Ron McGovney kwenye besi, Dave Mustaine kwenye solo. Ilisambaa kwa mikono. Kijana alimrekodia mwenzake, mwenzake akaituma kwa posta, kopi ya kopi ya kopi, na kila ilipohama ilizidi kupwaya, kama mchuzi unaoongezwa maji kila mgeni anapobisha hodi. Yetu ilikuwa na mvumo kama wa jiko la mchina, na besi ya McGovney ungeisikia tu kama ulishajua ipo.

Sasa ugomvi. Aprili 1983 Mustaine alifukuzwa kwenye bendi wakiwa New York, akapandishwa basi kurudi California, safari ya kuvuka Marekani nzima. Nafasi yake akachukua Kirk Hammett, na Julai mwaka huo albamu ya kwanza, Kill 'Em All, ikatoka. Kwenye kaseti yetu kulikuwa na wimbo uitwao The Mechanix, wa Mustaine, unaohusu kijana wa kituo cha mafuta na mambo ambayo mama mkubwa, laiti angejua Kiingereza cha kutosha, angeichoma redio. Kwenye albamu wimbo huohuo uligeuka The Four Horsemen. Maneno mapya, mwendo wa kutulia zaidi, na katikati kipande cha polepole ambacho kwenye kaseti hakimo kabisa, mpaka ukapita dakika saba. Mustaine naye alianzisha Megadeth, na mwaka 1985 akautoa tena kwa jina lake la zamani, akaukimbiza kuliko mwanzo.

Kulwa alikuwa mtu wa Mustaine. Kwake bendi ilikufa siku lile basi lilipoondoka, na kaseti ilikuwa ushahidi wake mahakamani. "Sikiliza mwendo huo! Halafu wakaupunguza. Kwa nini? Hammett asingeuweza." Dotto alikuwa mtu wa Hetfield, na hoja yake ilikuwa kwamba wimbo wa kaseti ni mbio tupu, kipande cha polepole ndicho kilichoupa roho. Tena jina la Mustaine lipo kwenye albamu, ametajwa katika nyimbo nne, aibiwe nini zaidi?

Dotto aliwahi hata kumwambia mama yake kwamba wimbo unatoka kwenye Ufunuo. Mama mkubwa akafungua Biblia sura ya sita, akawasoma farasi: mweupe, mwekundu, mweusi, wa kijivujivu. Akauliza wimbo unawataja vipi. Dotto akatafsiri: Wakati, Njaa, Tauni, Mauti. "Wakati hayumo humu," mama mkubwa akasema, akafunga Biblia. "Na huyo anayepiga kelele amepanda yupi?"

Mwaka ule ugomvi ulikuwa mkali kwa sababu albamu mpya ilikuwa inakuja, Death Magnetic, tarehe 12 Septemba. Ile ya kabla yake, St. Anger ya 2003, ilikuwa imewaumiza wapenzi wengi: hakuna solo hata moja, na drams zinalia kama mtu anagonga sufuria. Safari hii walikuwa na mtayarishaji mwingine, Rick Rubin, na mpiga besi Robert Trujillo, aliyejiunga mwaka uleule wa 2003. Dotto alikuwa na kipande alichokipakua mjini kwenye kafe ya intaneti, kazi iliyomla mchana mzima na umeme ukakatika katikati. Kilikuwa cha Juni 2006, Berlin, bendi ikijaribu jukwaani wimbo mpya ambao haukuwa na jina; watu waliuita The New Song tu, na kweli hakuna jina la kivivu kuliko hilo. Tulikuwa tunakisikiliza kwenye Nokia yake vichwa vitatu pamoja, kisha tunarudi kwenye kaseti ya 1982 kuona kama kuna kinachofanana. Dotto aliapa kwamba riff ya Berlin, yaani kile kipande cha gita kinachojirudia, itakuwemo kwenye albamu. Kulwa akasema bendi isiyo na wimbo mpya kwa miaka mitano haiwezi kuwa nao sasa. Wakawekeana soda.

Hoja kubwa ya Kulwa ilikuwa saa. Alikaa na Casio yake akapima wimbo wa kaseti, akapima na ule wa CD, akaandika kwenye daftari, akachora mpaka jedwali. Na kulikuwa na sauti: Hetfield wa kwenye kaseti alikuwa na sauti nyembamba ya juu, kama mvulana wa kwaya. Kulwa alikuwa na nadharia nzima juu ya sauti hiyo, jinsi Hetfield alivyojifanya mbabe baada ya Mustaine kuondoka. Ilikuwa nadharia nzuri. Mimi mwenyewe niliiamini.

Kisha redio ikaanza kutafuna kaseti. Kulwa aliuona utepe umetoka nje umejikunja akapiga ukelele ambao ulimtoa mama mkubwa jikoni. Tuliurudisha kwa penseli, taratibu, kisha tukaibeba redio mpaka mtaa wa Ng'ambo kwa fundi mmoja mzee, mtu aliyepiga gita la rizimu kwenye muziki wa dansi enzi za Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, na ambaye sasa alitengeneza redio kwenye kibaraza cha nyumba yake. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, siku za mwanzo. Tulimkuta kajiegemeza ukutani, midomo imemkauka.

"Shikamoo babu."

"Marahaba wajukuu zangu. Hiyo iacheni hapo. Nimefunga, na jua hili siwezi kushika bisibisi. Njooni baada ya tarawehe."

Tulirudi usiku. Kwanza tukalishwa, maana futari ilibaki, mihogo ya nazi na tambi, na kumkatalia mke wake lilikuwa jambo lisilowezekana. Ndipo mzee akavuta taa karibu. Alisafisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti, akaonyesha pamba ilivyotoka na rangi ya kahawia, akasafisha kile kigurudumu cha mpira kinachovuta utepe. Akaomba kaseti. Kulwa akampa kama anakabidhi mtoto.

"Sauti chini," mzee akasema. "Mwezi mtukufu huu. Mimi hapa natengeneza redio, sisikilizi muziki."

The Mechanix ikaanza. Mzee alikunja uso. Mguu wake, ambao haukuwa unasikiliza muziki, ulianza kuhesabu sakafuni. Baada ya muda akauliza, "Huyu wa drams anakimbizwa na nani?" Kisha akasimamisha, akatoa kaseti yetu, akaingia ndani, akarudi na kaseti yake ya dansi la zamani, akaiweka. Mwimbaji akatoka na sauti ya kitoto. Mzee akacheka mpaka akakohoa.

"Huyu namfahamu. Tumekula naye ugali sahani moja. Hajawahi kuwa na sauti hii hata siku ya kubalehe."

Aligeuza redio, akafungua kifuniko cha nyuma. Mota ilikuwa ndogo kama kopo la kiwi, na upande wake wa nyuma kulikuwa na kitundu ambacho mimi nisingekiona. Akaingiza bisibisi nyembamba, ya kutengenezea saa, akazungusha kidogo sana huku kaseti yake inacheza. Sauti ikashuka. Akazungusha tena. Ikapita, mwimbaji akawa kama mlevi, akarudisha. Alishusha gita lake ukutani, akapiga waya mmoja, akasikiliza, akazungusha kwa upana wa unywele. Alipotosheka alikuwa anatikisa kichwa na mwimbaji, taratibu, akasahau alichosema kuhusu mwezi mtukufu.

"Mota yenu inakimbia. Sijui tangu lini. Weka sasa hiyo ya wazungu wenu."

Hetfield akaingia. Bado alikuwa kijana, bado sauti ilikuwa ya juu kuliko ya kwenye albamu, lakini yule mvulana wa kwaya alikuwa ametoweka. Wimbo bado ulikuwa wa haraka. Ila Kulwa, aliyekuwa na Casio mkononi kwa mazoea, aliona umeongezeka sekunde kumi na kitu, akakaa kimya. Dotto alikuwa anamwangalia kwa furaha isiyo na huruma. Jedwali zima lilikuwa la mota.

Ingeishia hapo kama mzee asingeuliza tunagombania nini. Tulimweleza wote watatu kwa pamoja, basi, Mustaine, Megadeth, farasi. Alisikiliza bila kushangaa hata kidogo. Nadhani kwake hii ilikuwa habari ya kawaida kabisa, maana kwenye dansi la Tanzania wanamuziki walihama bendi kama wapangaji, na mashabiki waligawanyika vivyo hivyo.

"Mpiga solo akihama, mnabaki na wimbo, yeye anahama na vidole. Mkiupiga bila yeye utakuwa mwingine, mtake msitake. Sisi tulikuwa tukipata mpiga solo mpya tunaongeza kipande, ili naye awe na pake."

Akataka kusikia wa kwenye CD. Kile kipande cha polepole kilipofika alifumba macho, akapiga rizimu yake kwa kidole kwenye paja. Mwishoni akatoa hukumu: wa kwanza ni wa kuchezea, wa pili ni wa kukaa na kusikiliza, na bendi yenye akili ingeweka zote mbili, mmoja saa nne usiku, mwingine saa nane watu wakishachoka. Kulwa na Dotto wote waliondoka wakidai mzee yuko upande wao. Mimi niko na Dotto mpaka leo. Kipande kile kikikosekana nahisi wimbo umekatwa mguu.

Bei yake ilikuwa ndogo mno, tukaongeza na kopo la asali aliyotupa mama mkubwa.

Death Magnetic ilitufikia baada ya Idi, CD ya kuchoma aliyokuja nayo jirani na treni kutoka Dar. Solo zilikuwa zimerudi. Na kwenye wimbo wa The End of the Line Dotto aliruka kutoka kitandani akaanza kupiga kelele, "Imo! Imo!" Riff ya Berlin, ileile, imevaa nguo mpya. Kulwa alisikiliza mara mbili akakubali kwa kichwa, bila neno.

Lakini kitu hakikuwa sawa. Drams zikipigwa kwa nguvu sauti nzima ilipasuka, ikakwaruza. Ukipunguza bado inakwaruza. Baada ya yaliyotupata safari ile hakuna aliyethubutu kufungua daftari. Tukaibeba redio Ng'ambo, tukamwambia mzee spika zimekufa. Aligonga koni kwa kidole, akasikiliza, akaweka CD yake mwenyewe ya dansi. Safi kabisa, mpaka kayamba unaisikia ilipo. Akarudisha yetu. Ikakwaruza.

"Spika zenu nzima," akasema. "Hii imepikwa hivyo hivyo huko ilikotoka. Wamesukuma sauti mpaka ikagota ukuta."

Tulimuona kama anakwepa kazi. Halafu Dotto akasoma kwenye kafe kwamba wapenzi wa bendi Ulaya na Marekani walikuwa wanalalamikia jambo hilohilo, maelfu wametia sahihi albamu ichanganywe upya, na kwamba nyimbo zilezile zilizowekwa kwenye mchezo wa kompyuta wa Guitar Hero zilisikika safi kuliko kwenye CD iliyouzwa. Alirudi mbio kutupa habari, akamkuta Kulwa mlangoni anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu ile mota.

Deni la soda lilibaki palepale. Dotto alisema hatamsamehe, Kulwa akatoa hela, na tulipopita dukani kuelekea Ng'ambo kumpelekea mzee habari zake, alinunua nne.